Je, kujitenga kwa ajili ya Mungu kunamtaka mke aiache nyumba yake?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Niliokoka nikiwa tayari nimeolewa, na tuna watoto wawili. Mume wangu hajaokoka na anakunywa pombe, ila hanipigi wala hanizuii kwenda ibadani. Viongozi wa kikundi chetu cha maombi wanasema siwezi kuishi maisha yaliyotengwa kwa ajili ya Mungu huku nikilala kitanda kimoja na mtu wa dunia. Wananitaka nihamie kambi ya maombi mlimani na watoto niwapeleke kwa mama yangu, na andiko wanalonisomea ni 2 Wakorintho 6:17. Nifanye nini?

JIBU: Dada yangu, usihame. Swali lako limenihuzunisha, kwa maana wanaokushauri wanalitumia neno la Mungu kubomoa kile ambacho neno hilohilo linakilinda.

Kwamba aliyeokolewa ni mali ya Mungu na hawezi kuendelea na mwenendo wake wa zamani, hilo halina ubishi kati yangu na wao. Lakini andiko wanalokusomea, "Tokeni kati yao, mkatengwe nao", Paulo amelitoa katika Isaya 52:11, ambapo wachukuao vyombo vya Bwana wanaamriwa kutoka Babeli, naye analielekeza kwa Wakorintho waliotaka kuchanganya hekalu la Mungu na sanamu. Kuhusu mke aliyeamini na mume asiyeamini, kanisa hilohilo lilikuwa limekwisha kuandikiwa kwa uwazi: mume huyo akikubali kukaa naye, "asimwache mumewe" (1 Wakorintho 7:13). Anayeisoma sura ya sita ya waraka wa pili kana kwamba sura ya saba ya waraka wa kwanza haijaandikwa, huyo hafundishi Maandiko, anayachagua.

Tena tazama sababu anayoitoa mtume katika mstari wa 14. Viongozi wako wanahofu kwamba uchafu wa mumeo utakuingia wewe. Paulo anasema kinyume chake, kwamba mume asiyeamini hutakaswa katika mkewe, na watoto wao ni watakatifu. Hasemi kwamba mume huyo amekwisha kuokoka, kwa maana mstari wa 16 bado unauliza kama mke atamwokoa mumewe, bali anasema kwamba nyumba yenye mwamini mmoja Mungu haihesabu kuwa najisi. Na kuhusu kitanda, mstari wa 5 unaruhusu kunyimana kwa mapatano, kwa muda, ili kusali, kisha wawili warudiane. Katika ushauri uliopewa, sijaona mapatano, muda wala kurudiana.

Fundisho hili si geni. Katika karne ya 4 maaskofu walikutana Gangra, katika Uturuki ya leo, kuwakabili wafuasi wa Eustathius wa Sebaste walioidharau ndoa kwa jina la utakatifu. Kanuni ya 14 ilimhukumu mke anayemwacha mumewe kwa kuichukia ndoa, na ya 15 mzazi anayewatelekeza watoto kwa kisingizio cha kujinyima. Maaskofu hao hawakuupinga useja, waliusifu pale unapoambatana na unyenyekevu, na mimi pia ninawaheshimu watawa. Lakini mtawa hakuacha watoto mlangoni ili aweke nadhiri.

Mumeo asikose chakula wala salamu kwa sababu umeokoka. Pombe usimnunulie, na ada ya shule isipotee kilabuni kama unaweza kuizuia kwa maneno ya upole. Siku akianza kukupiga, hilo litakuwa swali jingine: tafuta usalama wako na wa watoto kwanza, wala asikudanganye mtu kwamba kuvumilia kipigo ni utakatifu.

Kwa hao viongozi usiende peke yako. Mweleze mchungaji wa kanisa lako, uende pamoja na mama mmoja anayeheshimika, uwasomee sura ya saba. Wakikutishia laana, ondoka katika kikundi hicho, uendelee kusali nyumbani kwako. Na usiku wa mkesha mtoto akiwa na homa, baki na mtoto.