Mkono unatangulia mguu: tatizo huanzia pale mikono inapoachana

SWALI: Mwalimu, binti yangu ana miaka 11 na ni mrushaji wa mkono wa kulia katika timu ya wasichana ya softboli (mchezo unaofanana na besiboli, ila mpira hurushwa mkono ukipita chini, karibu na paja) hapa Ohio, Marekani. Msimu huu amepanda kundi la umri: umbali wa kurusha umetoka futi 35 kuwa futi 40, na mpira wa mzingo wa inchi 11 umekuwa wa inchi 12. Tangu hapo mrusho mmoja unagonga vumbi, unaofuata unapita juu ya kichwa cha mdakaji. Kocha anasema mkono unatangulia mguu, akamwambia auzungushe polepole. Ametii, lakini sasa mpira hauna nguvu na bado unapotea. Nyumbani mimi ndiye ninayemdakia. Nimsaidieje?

JIBU: Mama, kocha ameliona tatizo vizuri, ila dawa aliyotoa ndiyo inayomaliza nguvu. Mkono wa mrushaji unazunguka kama pangaboi, na ukishaanza kuzunguka usikatishwe. Mtoto akiambiwa aupunguze, huusimamisha kidogo pale juu ya kichwa ili kuusubiri mguu, na mwendo wote alioukusanya unapotea. Kinachorekebishwa ni mwanzo: nini kinaondoka kwanza, na mguu unakaa hewani kwa muda gani.

Kwanza mpate ushahidi. Simama upande wa mkono wake wa kulia, hatua kama sita hivi kutoka alipo, simu iwe usawa wa kiuno chake, mrekodi kwa fremu (picha) 240 kwa sekunde kama simu inaruhusu. Kisha fikiria uso wa saa ya ukutani umebandikwa begani mwake. Mkono ukining'inia chini uko kwenye 6, ukielekea kwa mdakaji uko kwenye 3, juu kabisa ni 12, nyuma ni 9, halafu unarudi 6 anapoachia mpira pajani. (Nasema namba zilizoandikwa, maana kwa saa za Kiswahili 12 ni saa sita, na mtoto anayesoma Ohio mtachanganyana.)

Sasa tafuta fremu ya kwanza ambayo mguu wa kushoto umegusa ardhi. Mkono unatakiwa uwe kati ya 12 na 9. Ukiwa bado haujafika 12, mguu umewahi. Ukiwa umeshapita 9 na unateremka, mguu umechelewa, na ndivyo kocha anavyosema kuhusu binti yako. Rekodi mirusho kumi, usiamini mmoja. Pia hesabu fremu kutoka mguu unapogusa hadi mpira unapotoka. Hesabu zikipishana sana kati ya mrusho na mrusho, mmeshajua kwa nini mpira hauna mahali pamoja.

Sababu ni kwamba mguu wa mbele ni breki. Unapotua imara, goti limekunjwa kidogo, mwili unasimama na mwendo wake unahamia kwenye kiuno, kiwiliwili, kisha mkononi. Mguu ukichelewa, mkono unafika chini huku mwili bado unateleza kwenda mbele. Akiachia mapema, mpira unakwenda vumbini. Akiushikilia asubiri kusimama, mkono unakuwa umeshaanza kupanda na mpira unapaa. Ni kosa moja lenye sura mbili, kwa hiyo kumwambia "rusha juu kidogo" au "rusha chini" hakutasaidia.

Kwa mtoto aliyeongezewa futi 5, ningeanza kushuku urefu wa hatua. Anaona mdakaji yuko mbali, anajinyoosha au anaruka juu, na mguu unakawia hewani. Chora mstari mahali anapotua sasa, kisha mwingine nusu unyayo nyuma yake, karibu zaidi na kibao cha kurushia, kile anachokanyaga anapoanza. Atue kwenye huo wa pili kwa wiki mbili. Unyayo upite karibu na ardhi, na vidole vya mguu wa kushoto vikitua vielekee upande wa kulia kwa takriban nyuzi 45, si moja kwa moja kwa mdakaji. Hatua itarefuka yenyewe nguvu ya mguu wa kulia ikiongezeka.

Sababu ya pili ni mikono kuachana, yaani mkono wenye mpira kutoka kwenye glavu, wakati uzito bado umelala nyuma. Mpira na goti la kushoto viondoke pamoja kwenda mbele. Mkono ukifika 3, mguu wa kushoto uwe tayari hewani na ule wa kulia unamalizia kusukuma kibao. Mwambie hivi tu: "mpira na goti, pamoja." Maneno zaidi ya hayo atayasahau katikati ya mrusho.

Mazoezi yaanzie mwisho wa mrusho. Asimame miguu imeshatanuliwa kama ametua, mkono uko kwenye 12, aushushe na kuachia: mara 15, ukiwa umbali wa mita 4 au 5. Hapa mguu hauwezi kuchelewa, na mwili unajifunza mkono unavyopita ukiwa na breki. Kisha arushe akitembea, futi 25 hivi: hatua ya kulia, hatua ya kushoto, achia, mara 10. Kutembea kunairudisha midundo ambayo kusimama tuli kunaiua; kama muda wenu ni mfupi, acheni mengine lakini hili mlifanye. Mwisho mirusho 15 kamili kutoka futi 35, si 40.

Wakati unadaka, sikiliza. Kuna kishindo cha mguu, halafu sauti ya mkono ukipita pajani: "ta-pa," haraka, lakini sauti mbili. Zikilia kwa pamoja, mguu umechelewa. Pengo likiwa refu, mguu umewahi, na kwa kawaida utamwona ameinama mbele huku kiuno kimeshajifunga na kuuzuia mkono. Mwache naye ataje alichosikia kabla hujamwambia.

Mkono wake uwe mlegevu, kiwiko kimepinda kidogo. Akiukaza, unazunguka polepole na hesabu yote inaharibika.

Siku tatu au nne kwa wiki zinatosha. Akisema anaumwa sehemu ya mbele ya bega au juu ya msuli wa mkono, mkomeshe siku hiyo, na maumivu yakirudi baada ya mapumziko aonwe na daktari. Mrudishe futi 40 pale video za siku mbili tofauti zitakapoonyesha angalau mirusho 8 kati ya 10 mguu ukitua mkono ukiwa kati ya 12 na 9, bila kusita juu. Na umwonyeshe kocha video hizo mapema, ili mtoto asipewe maelekezo mawili yanayopingana.