Kipeuo kikikaa chini ya sehemu

Wanafunzi wa S.3 na S.4 (mwaka wa tatu na wa nne wa sekondari) ninaowafundisha hesabu hapa Arua, Uganda, wakijiandaa kwa mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, huniuliza swali moja kila mara: 1/√2 ina kosa gani hata tulazimike kuiandika √2/2? Haina kosa, thamani ni ileile. Ila jaribu kugawanya kwa mkono. √2 ni karibu 1.4142: 1 kwa 1.4142 itakutoa jasho, 1.4142 kwa 2 ni 0.7071, umemaliza.

Kipeuo (namba yenye alama ya √) kikiwa kimoja tu kwenye asili, yaani namba ya chini ya sehemu, zidisha juu na chini kwa kipeuo hicho. Lakini rahisisha kwanza, tafadhali. Kwenye 6/√12, √12 ni 2√3, kwa hiyo inabaki 3/√3, yaani √3. Anayekimbilia kuzidisha kwa √12 atafika, ila kwa njia ndefu.

Wengi hukwama kwenye 2/(√5+√3). Wanazidisha kwa √5+√3 ileile, wakidhani kipeuo kitaondoka. Fungua mabano uone: 5+3+2√15. Kipeuo bado kipo! Geuza alama ya katikati, uzidishe juu na chini kwa √5−√3. Chini unapata 5 − √15 + √15 − 3. Zile √15 mbili zinafutana, inabaki 2, inakatana na 2 ya juu, na jibu ni √5−√3. Mimi husisitiza mstari huo wa √15 uandikwe kila mara mpaka uzoeleke, hata kama mwalimu mwingine anauona ni kupoteza wino. Aliyeziona zikifutana hana haja ya kukariri.

Na usiseme kalkuleta imemaliza kazi hii. Chukua 1/(10−√99). Ukikadiria √99 kuwa 9.9, unapata 1/0.1, yaani 10. Sasa ondoa kipeuo chini kwa kuzidisha juu na chini kwa 10+√99: asili inakuwa 100−99, yaani 1, na sehemu yote inageuka 10+√99. Kwa makadirio yaleyale ya 9.9 unapata 19.9, na jibu halisi ni karibu 19.95. Namba mbili zinazokaribiana zikitolewa, kinachobaki ni kidogo mno, na kosa dogo la makadirio linakula nusu ya jibu. Mfano huu naufanyia ubaoni polepole, hatua kwa hatua, kwa sababu hapo ndipo hata wale waliokuwa wakilalamika huanza kuandika.