Maswali ya Wasomaji: Kizalishi Kinafuta Kazi Yetu

SWALI: Tunajenga mfumo wa fedha wa chuo kikuu cha umma. Tunachora modeli kwa UML (lugha ya michoro ya kueleza mfumo), kisha kizalishi cha msimbo kiitwacho Acceleo inazalisha msimbo wa Java. Kila tukizalisha upya, vipande tulivyoandika kwa mkono vya kuungana na GePG (mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki) vinapotea. Tumekosea wapi?
– Msomaji, Morogoro

JIBU: Mmeandika mahali pasipo penu. Faili lililozalishwa ni mali ya kizalishi. Acceleo ina maeneo yanayolindwa, yaani sehemu za faili ambazo haizifuti inapozalisha upya, ila kila eneo hutambuliwa kwa kitambulisho, na wengi hukitunga kutokana na jina la klasi. Mkibadili “Malipo” kuwa “MalipoYaAda”, kitambulisho cha zamani hakipo tena, na mlichoandika husukumwa kwenye faili lenye tamati .lost. Litafuteni kabla hamjaanza upya. Huenda kazi ya wiki nzima imo humo.

Dawa ya kudumu ni folda mbili. Ndani ya src-gen iwemo klasi dhahania “MalipoBase”, ya kufutwa na kuzalishwa wakati wowote. Ndani ya src iwemo “Malipo” inayoirithi. Kizalishi kiiunde mara moja tu ikiwa haipo, kisha kisiiguse. Mambo ya GePG yakae huku.

Mkiwa kwenye violezo (faili zinazoielekeza Acceleo iandike msimbo gani), angalieni pia fedha. Aina ya Real (namba zenye desimali katika modeli) mara nyingi hugeuzwa double ya Java, ambayo desimali nyingi huzitunza kwa makadirio, na kwa double 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Undeni aina yenu, “Fedha”, igeuzwe BigDecimal, aina ya Java inayotunza desimali kwa usahihi.

SWALI: Je, viwango vya ada navyo viingie kwenye modeli?

JIBU: Hapana. Modeli ibebe umbo: programu ya masomo, mwaka, kiasi, tarehe ya kuanza kutumika. Kiwango chenyewe akiingize mhasibu, la sivyo ada ikipanda mtazalisha mfumo mzima.

Kanuni zisizobadilika ndizo za kuandika kwa OCL (lugha ya kuandika masharti ya modeli): debiti na krediti za hati moja zilingane, muamala usihesabiwe mara mbili. Hii ya pili huumiza kweli. Taarifa ya malipo ikija na jibu lenu lisirudi, inaweza kutumwa tena, na mwanafunzi akaonekana kalipa mara mbili. OCL peke yake haitoshi, maana taarifa mbili zikiingia kwa pamoja, hakuna inayoiona nyenzake. Kiolezo kizalishe pia sharti la UNIQUE (linalokataa thamani kujirudia) kwenye jedwali la hifadhidata. Liwekwe kwenye namba ya risiti ya muamala, si kwenye kontroo namba, kwa kuwa ankara moja inaweza kulipwa kwa awamu.