Picha zangu za chakula zinakataliwa: ninunue lenzi mpya?

Swali: Habari za kazi, mwalimu. Huu ni mwezi wa tano tangu nianze kupiga picha za vyakula na vitu vya mezani ili niziuze kwa mawakala wa picha za stoku, yaani picha zilizo tayari ambazo yeyote anaweza kununua haki ya kuzitumia. Kamera yangu ni ya megapikseli 24, na lenzi ni ile iliyokuja nayo, ya milimita 18 hadi 55. Mchana niko kazini, kwa hiyo napiga usiku jikoni kwa taa ya dari. Nimetuma picha 10. Nane zimekataliwa, na sababu ni zilezile: chenga, fokasi, mwanga. Mbili zilizopita hazijanunuliwa hata mara moja. Nakutumia moja ya kila kundi, limau lililokataliwa na bakuli la supu lililopita. Nibadilishe lenzi, au tatizo ni kamera yenyewe?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Hela yako iache ilipo. Mawakala kama Shutterstock na Adobe Stock wanataka picha isiyopungua megapikseli 4, na wewe unazo 24. Lenzi nayo inatosha kabisa kwa limau lililotulia mezani.

Nimelikuza limau hadi asilimia 100, na nakuomba usitume tena picha yoyote kabla ya kuitazama hivyo, kwa sababu mkaguzi ataitazama hivyo. Mbegu moja ya mbele inasomeka vizuri, lakini nyama na ganda nyuma yake vimeyeyuka. Kwenye kivuli kuna vidoa vyekundu na vya kijani kama mchanga uliomwagika. Hizo ndizo chenga. Upande wa kushoto limau limekuwa na rangi ya chungwa, upande wa kulia lina ubluu. Nadhani uliwasha tochi ya simu pembeni ili kuisaidia taa ya dari. Taarifa zilizomo ndani ya faili zinasema milimita 55, f/5.6 (ukubwa wa tundu la lenzi), ISO 1600 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), shata 1/15 ya sekunde (muda inaokaa wazi), na ukungu wa kingo unaonyesha kamera ilikuwa mkononi.

Umeandikiwa makosa matatu, lakini mama yao ni mmoja: mwanga haba. Ulipoukosa, ulipandisha ISO, zikaja chenga. Ukafungua tundu la lenzi lote, na eneo linaloonekana kwa ukali likawa jembamba kama kucha. Bado haukutosha, shata ikachelewa, mkono ukatikisika. Lenzi mpya yenye tundu kubwa ingepunguza chenga, lakini eneo hilo la ukali lingezidi kuwa jembamba, na mkaguzi angekurudishia limau lilelile kwa sababu ya fokasi.

Sasa piga hesabu nami. Kila hatua moja ni mwanga maradufu. Kutoka ISO 1600 kushuka hadi 100 ni hatua nne, yaani unahitaji mwanga mara 16. Kutoka f/5.6 hadi f/8 (namba ikikua, tundu linapungua), ili limau lote liingie kwenye fokasi, ni hatua moja zaidi, kwa hiyo jumla ni mara 32. Zidisha 1/15 ya sekunde mara 32, unapata sekunde 2 na kidogo. Limau haliendi popote kwa sekunde 2. Ukiiweka kamera kwenye tripodi, au hata juu ya vitabu vizito, na kuibonyeza kwa saa yake ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise, taa yako ileile ya dari ingekupa picha isiyo na chenga na yenye fokasi. Kitu pekee ninachokuruhusu ununue, kama huna, ni tripodi imara. Usiende mbali kupita f/11 ukidhani ukali utaendelea kuongezeka. Ukifika f/16 na kupita, mwanga unapinda kwenye ukingo wa tundu na picha nzima inalainika.

Fokasi yenyewe usiiachie kamera. Washa skrini ya nyuma, kuza mahali unapotaka jicho litue, zima fokasi ya moja kwa moja, kisha zungusha pete ya lenzi polepole mpaka utone wa maji au punje ya chumvi isimame.

Hapo utakuwa umetibu wingi wa mwanga. Ubora wake ni jambo jingine, na hapa ndipo ninapotaka utumie muda wako mwingi. Taa ya dari inaanguka kutoka juu, inakifanya chakula kiwe bapa na kuweka kivuli kizito chini ya kila kitu. Siku usiyokwenda kazini, sogeza meza dirishani, zima taa zote za ndani, tochi ya simu ikiwemo. Mwanga wa mchana uko karibu na kelvini 5500 (kipimo cha rangi ya mwanga; namba ndogo ni umanjano, kubwa ni ubluu), na balbu ya manjano iko kama 2700 hadi 3000. Ukichanganya viwili hivyo hakuna mizania ya rangi (mpangilio wa kamera unaofanya nyeupe ionekane nyeupe) itakayoviridhisha vyote. Ukisahihisha upande mmoja, mwingine unaharibika, kama limau lako lilivyofanya.

Ichukulie sahani kuwa uso wa saa ya ukutani, na kamera iko penye tarakimu 6. Dirisha liwe penye tarakimu 9, 10 au 11, yaani kando au nyuma kidogo ya chakula. Mwanga ukitoka huko unapita juu ya uso wa chakula na kuonyesha kila kilima na kila bonde: vinyweleo vya mkate, mng'ao wa mafuta juu ya supu, mvuke. Ukitoka nyuma ya kamera unafuta vyote. Jua likipiga moja kwa moja, tundika pazia jepesi jeupe au karatasi ya kuokea kwenye kioo. Kisha shika karatasi ngumu nyeupe upande usio na dirisha, uisogeze karibu na limau polepole huku ukiangalia skrini. Utaona kivuli kinafunguka na ganda linapata umbo. Isogeze mbali, kivuli kinarudi. Weka nyeusi badala yake, kivuli kinazama na limau linakuwa zito. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na bado karatasi mbili hizo ndizo ninazozishika mara nyingi kuliko kifaa kingine chochote.

Usiku ukikulazimu, tumia taa moja tu, mahali pa dirisha, ipite kwenye kitambaa cheupe kikubwa kilicho karibu na chakula. Kadiri kitambaa kinavyokuwa kikubwa na karibu, ndivyo vivuli vinavyolainika.

Na kuhusu kitambaa cheupe cha mezani kilichotoka kijivu kwenye picha ya supu: kipimo cha kamera hudhani kila kitu kina rangi ya kijivu cha kati, na kikiona weupe mwingi kinaufifisha. Ongeza mwanga kwa hatua moja hivi, ukiangalia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini, isigote ukuta wa kulia.

Nije kwenye supu, ambayo kiufundi ilipita lakini haijauzwa. Umepiga kwa milimita 18 ukiwa umeinama karibu sana, ndiyo maana mdomo wa bakuli umevutika kama yai. Rudi nyuma, tumia 50 au 55. Majani ya juu yamezama na kunyauka. Fundi wa chakula angepanga kila kitu kwa bakuli la mfano, akarekebisha mwanga na fokasi, halafu supu halisi ikaja dakika ya mwisho. Ili mboga zisizame, funika kikombe kidogo ndani ya bakuli, kichwa chini, uzipumzishe juu yake. Katika picha ya jumla hilo halina ubaya. Lakini siku ukiajiriwa kutangaza supu ya kampuni fulani, usithubutu; huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Campbell iliandamwa na mamlaka ya biashara kwa matangazo ambamo gololi ziliwekwa chini ya supu ili vipande vyake vionekane vingi.

Hayo yote ni madogo mbele ya hili: bakuli limejaza fremu, kingo mbili zimekatwa, hakuna hata upana wa kidole uliobaki mtupu. Mnunuzi wa picha ya stoku si mtu anayetafuta picha ya kutundika ukutani. Ni mbunifu wa jarida, mwenye mgahawa, mwandishi wa ukurasa wa afya, na karibu kila mmoja ana maneno anayotaka kuyaweka juu ya picha. Kwako hana pa kuyaweka. Sogeza bakuli kwenye theluthi moja ya fremu, acha meza au kitambaa kitulie upande wa pili bila makombo wala mikunjo. Piga ya kulala na ya kusimama. Usitume kumi na tano zinazofanana, maana zitarudi kwa kufanana. Chagua mbili au tatu zenye kazi tofauti.

Kabla ya kupiga, jiulize supu hii inazungumzia nini. Mgonjwa anayepata nafuu? Jioni ya baridi? Mlo wa mtu anayepunguza nyama? Jibu ndilo litakaloamua kama uweke kijiko kimoja au viwili, kitambaa cha sufu au cha pamba, na ndilo litakalokupa maneno ya utafutaji. Picha yako umeiita "supu tamu sana", na sidhani kama kuna mnunuzi atakayetafuta hivyo. Adobe Stock wanapokea maneno hadi 49 na wanayapa uzito zaidi 10 ya mwanzo, kwa hiyo yale yanayotaja kinachoonekana yatangulie, na usijaze yasiyohusika ili kufikisha idadi.

Jambo la mwisho nililoliona kwa kukuza: kwenye mpini wa kijiko limechongwa jina la mtengenezaji. Hilo lilipita kwa bahati. Nembo na majina ya biashara ni sababu ya kawaida ya kukataliwa, hata yakiwa madogo namna hiyo. Geuza kijiko, au lifute wakati wa kuhariri.

Sasa nenda ukalirudie limau. Mkao uleule, tripodi, dirisha kando, ISO 100, f/8, faili la RAW (ghafi, ambalo kamera haijalichakata). Piga moja bila karatasi nyeupe na moja ukiwa nayo, uache nafasi tupu kushoto. Nitumie zote mbili kabla hujazigusa kwa programu yoyote, nami nitakuonyesha ni ipi ya kutuma na kwa nini.