Unataka nyumba ya mawe kijijini Uskoti? Herufi C isikudanganye

Siku hizi Waswahili wengi huku Uskoti wameanza kutafuta nyumba nje ya miji, maana bei za Edinburgh zimekuwa za ajabu, na mtu akiona picha ya kanyumba ka mawe kana bustani mbele na mto nyuma basi anadata palepale, karatasi hata hasomi. Mimi na mama watoto tunaishi kwenye nyumba ya namna hiyo, shamba kabisa, Perthshire, na iko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, daraja C. Kwaiyo haya nayajua kwa kulala ndani yake.

Madaraja ni matatu, A, B na C. A ni majengo ambayo ni mifano bora kabisa ya enzi, mtindo au aina yake, B ni mifano mikubwa, C ni mifano inayowakilisha tu aina yake. Anayeamua nini kiingie ni Historic Environment Scotland, taasisi ya umma ya mambo ya kale, na nchi nzima yapo kama 47,000. Sasa mtu akisikia C anasema aah, hiyo ya chini, haina noma. Noma ipo! Sheria ni moja kwa herufi zote, ya mwaka 1997, na ukibadilisha kitu kinachogusa sura ya jengo bila kibali cha halmashauri hilo ni kosa la jinai, usilifananishe na faini ya kupaki gari vibaya. Na wakisema jengo wanamaanisha nje na ndani: ngazi, milango, meko ya sebuleni, mpaka mapambo ya dari, na kwa kawaida hata banda au ukuta wa bustani uliokuwepo kabla ya Julai 1948.

Wanalinda vitu ambavyo hutegemei pia. Kanisa, kinu na daraja la kuvukia mto sawa, lakini kuna vibanda vyekundu vya simu, kuna minara ya kufugia njiwa, na makaburini kuna vijumba vya walinzi waliokuwa wanakesha ili maiti zisifukuliwe kwenda kuuzwa kwa walimu wa udaktari (kweli kabisa, biashara hiyo ilikuwepo mpaka sheria ya 1832 ilipoikata miguu). Ukitafuta nyumba yako kwenye orodha angalia jina la parokia ya zamani. Parokia hizo hazina kazi ya utawala tangu 1930 lakini orodha bado inazifuata, na mara nyingi jina lake sio la kijiji unachokijua.

Kama unataka kuona kinacholindwa ni nini hasa, nenda kijiji cha Fortingall, sio mbali na mji wa Aberfeldy. Vile vijumba vyake vya kuezekwa kwa nyasi vilichorewa ramani na msanifu majengo James MacLaren miaka ya 1889 na 1890 hivi kwa tajiri wa meli Sir Donald Currie, aliyekuwa amenunua ardhi ya huko. Currie ndio mwenye kampuni ya meli ya Castle Line, ambayo mwaka 1900 iliungana na kampuni ya Union, na wazee wa Mombasa na Zanzibar watakwambia wenyewe habari za meli za Union-Castle, zile za bodi ya urujuani na bomba jekundu. Kwaiyo pesa ya bahari ya Afrika ndio iliyojenga kijiji cha kwenye glen, yaani bonde la milimani. Simama barabarani utazame mapaa yanavyoteremka chini mpaka yanazunguka madirisha, ndio utaelewa kwanini mtu akitaka kuweka bati au dirisha la plastiki hapo watu wanapiga kelele.

Tukirudi kwenye kununua. Uskoti muuzaji lazima akupe Home Report, yaani ripoti ya hali ya nyumba, na ndani yake kuna maswali ambayo muuzaji anajibu mwenyewe, mojawapo ni kama nyumba imeorodheshwa. Usiishie kwenye hilo jibu. Uliza vibali vya kila kitu kinachoonekana kipya, dirisha, dari, ukuta uliobomolewa, kwasababu halmashauri haina ukomo wa muda wa kudai kitu kirudishwe kilivyokuwa na wanamfuata mwenye nyumba wa sasa. Jirani yetu mmoja alirithi madirisha ya plastiki ya mtu aliyeshahama zamani, na barua ikaja kwa jina lake yeye.

Baridi sasa, maana ndio mnauliza wote. Madirisha yetu ni yale ya kupandisha na kushusha, kioo kimoja, upepo unapita. Hatukuyang'oa, tuliweka kioo cha pili kwa ndani, na fundi akaziba nyufa za fremu, basi, tofauti kubwa sana. Alafu simenti muiogope. Ukuta wetu wa jikoni mtu wa zamani aliupiga plasta ya simenti, rangi ikawa inavimba na kubanduka kila masika, fundi mzee akaja akagonga kwa mpini wa nyundo, ukalia mtupu, akabandua kipande na nyuma yake jiwe limelowa tepetepe. Mawe yale yalijengwa kwa chokaa ili unyevu upate pa kutokea, sawa na kuta za Mji Mkongwe, ukiziba na simenti maji yanabaki ndani. Tulirudishia chokaa. Inachukua muda kukauka, msiwe na haraka ya kupaka rangi.

Kabla ya kugusa paa cheki popo. Nao wanalindwa kisheria, wakiwepo kazi inasimama mpaka mpate leseni.

Pesa: ombi la kibali chenyewe halina ada, ila mchora ramani utamlipa, na matengenezo yana VAT ya 20% kama nyumba nyingine yoyote, ule msamaha wa zamani kwa mabadiliko yaliyoidhinishwa uliondolewa 2012. Bima nayo ikokotolewe kwa gharama ya kujenga upya kwa mawe na chokaa, bei ya sokoni haitakutosha.

Na huyo ofisa wa majengo ya kihistoria wa halmashauri mwandikieni kabla hamjatoa ofa, mkiwa na picha na swali moja linaloeleweka. Wa kwetu alikuja mwenyewe, akazunguka nyumba nzima, akatuambia wazi kipi tuombe na kipi tusijisumbue. Ombi likishaingia halmashauri inatakiwa kuamua ndani ya miezi miwili, ila fundi wa chokaa mzuri foleni yake ni ndefu kuliko hiyo, mtafuteni mapema.