Ubao mweupe hauna jina

Boti yangu ya dagaa ilikuwa na mwaka wa tatu tu majini pale Kibirizi, Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika. Asubuhi moja nilipiga magoti chini ya benchi la nyuma, nikachomeka bisibisi kwenye kichwa cha taruma, moja ya mbavu za boti. Ikazama mpaka kwenye mpini kama inaingia muhogo uliochemshwa. Nilipoichomoa, ilifuatwa na maji ya kahawia yenye harufu ya uyoga. Zile mbao za chini, zinazolala majini usiku na mchana, nilizigonga moja moja na zote zilikuwa nzima.

Kosa nililifanya siku ya kununua. Muuzaji alisema ni mninga, nikaona wekundu, nikalipa. Sikugeuza hata ubao mmoja kutazama ubavu wake. Nyingi zilikuwa na ukanda mweupe wa vidole vitatu, na fundi, kwa kuwa nilimharakisha niwahi giza la mwezi la kuvulia dagaa, alichonga mataruma humo humo.

Mzee wa Ujiji aliyenitengenezea upya alinionyesha ule ukanda kwa ncha ya tezo. "Mwanangu, mninga ni hiki kiini. Hicho cheupe hakina jina."

Maneno hayo ndiyo ninayompa kila anayeniuliza. Mti ungali hai, tabaka la nje hupitisha maji na kuhifadhi chakula, kwa hiyo limejaa wanga, na wadudu watoboao mbao wanalipenda. Kiini kimejaa dawa za mti wenyewe zinazozuia mchwa na uozo. Ni hivyo kwa mninga, kwa mvule na kwa mkora. Ukinunua weupe wa mninga kwa bei ya mninga, umelipia kitu ambacho hukupewa.

Jambo la pili ni maji yenyewe. Wenzetu wa pwani wanapambana na mnyoo wa baharini anayetoboa mbao, ndiyo maana majahazi yao hupakwa deheni, chokaa iliyochanganywa na mafuta ya wanyama. Tanganyika ni maji baridi, mnyoo huyo hayupo. Kinachotumaliza sisi ni mvua. Ukuvu unaoozesha mbao unataka unyevu na hewa kwa pamoja. Ubao uliozama muda wote haupati hewa ya kutosha, na ubao ambao unyevu wake uko chini ya asilimia 20 hauozi. Panapooza ni pale katikati: vichwa vya mataruma, chini ya mabenchi, pembe za tezi kule nyuma ya boti, kila mahali mvua inapotuama. Kwa hiyo kiini bora kabisa kiweke huko juu, hata kama macho yako yako kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wa chini. Mwambie fundi atoboe vitundu chini ya kila taruma ili maji yashuke hadi mahali pa kukumbia. Boti yangu ya kwanza haikuwa navyo. Nilikuwa nakumba maji kila asubuhi nikidhani nimemaliza, kumbe yamebaki vyumbani mwa mataruma.

Wageni wakifika Kigoma huulizia Liemba, na wana haki: meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaunganishwa hapa hapa, ikazamishwa 1916, ikaopolewa 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina hilo. Lakini Liemba ni chuma. Dagaa unaowala wanaletwa na mbao.

Ukishapata mbao, usizipigilie mbichi. Mninga unasifiwa kwa kusinyaa kidogo kuliko miti mingi, lakini kidogo hicho kinatosha kufungua maungio na kuitema pamba ya kalafati, ile inayoziba nafasi kati ya mbao. Zipange kivulini, juu ya vijiti vya unene mmoja vilivyosimama mstari mmoja kutoka chini hadi juu, la sivyo zitapinda. Ncha zipake rangi zisipasuke. Kipande cha mbao hizo hizo, nacho ncha zake zimepakwa rangi, kiache kwenye rundo na ukipeleke dukani kwenye mizani kila wiki. Kikiacha kupungua uzito, hewa imemaliza kazi yake.

Kwa nyumba nitasema machache. Mninga utoshe kwa fremu na milango. Kuuezekea paa ni kuumaliza mti unaohitaji zaidi ya miaka 70 kufikia unene wa kuvunwa, na paini yenye dawa inatosha. Ila hiyo dawa ihakikishe: kata ncha ya ubao uone ukijani umeingia ndani kiasi gani, kwani ukiishia juu juu, mchwa wetu watakuja kuukagua kabla yako. Na mninga usio na kibali na alama ya nyundo ya watu wa misitu uache hapo hapo, hata ukiwa rahisi namna gani. Mara nyingi umekatwa mchanga, na mti mchanga sehemu kubwa ni weupe.

Siku hizi nikienda kununua nabeba chupa ya maji na kisu. Vumbi huficha mpaka kati ya kiini na weupe. Nakwangua ubavu kidogo, nalowesha, na wekundu unajitenga wenyewe. Muuzaji akiniuliza namwaga nini, namwonyesha, kisha tunaanza upya kuzungumza bei.