Maswali ya Wasomaji: Akeem wa 2021 Anamfikia wa 1988?

SWALI: Nataka kuangalia na wanangu, wa miaka 11 na 15, filamu ya vichekesho Coming to America (1988) halafu Coming 2 America (2021). Ya pili inaifikia ya kwanza, au nitamaliza bando bure? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Haiifikii, ingawa ina vipande vya kuangalia.

Ya kwanza inabebwa na siri. Akeem, mwana wa mfalme wa Zamunda, nchi ya kubuni ya Afrika, anapiga deki kwenye mgahawa wa baga huko Queens, New York, akitafuta mke atakayempenda bila kujua ni tajiri. Yeyote anaweza kumuumbua wakati wowote. Kwenye mechi ya mpira wa kikapu mtu anamtambua na kumsujudia. Akeem anadai ni jamaa tu aliyekutana naye msalani. Kicheko kinatoka kwenye hofu hiyo ya kubambwa.

Ya pili haina siri. Akeem ni mfalme mwenye mabinti watatu, sheria inadai mrithi wa kiume, na mapema tu anampata Lavelle, mwanawe wa Queens. Ili mtoto huyo awezekane, waandishi wamerudi kwenye usiku wa klabu wa filamu ya 1988, Akeem alipokuwa akitafuta mke, na kuongeza tukio, sura zikifanywa za ujana kwa kompyuta: Akeem analeweshwa, kisha mwanamke analala naye. Ni kiraka kibaya, na hakichekeshi. Anayeiokoa filamu ni mwigizaji Wesley Snipes, kama Jenerali Izzi, mtawala wa nchi jirani, anayeingia ikulu akicheza na askari wake.

Pima mwenyewe kwa matukio ya kwa kinyozi. Katika ya kwanza wazee wanabishana kuhusu bondia Joe Louis kupigwa na bondia mwenzake Rocky Marciano. Pambano lilikuwa 1951, Louis akiwa na miaka 37; kinyozi Clarence anaapa mwimbaji Frank Sinatra alimwambia Louis ana miaka 137! Ubishi hauisogezi hadithi hata hatua, ndiyo maana una ladha. Katika ya pili wazee walewale wapo, lakini kazi yao kubwa ni kukukumbusha kwamba uliwapenda.

Anza na ya kwanza, kwani ya pili inaitegemea mno. Ila hiyo ya kwanza Marekani iliwekwa daraja la R (chini ya miaka 17 lazima awe na mzazi au mtu mzima): mwanzoni kuna wanawake vifua wazi wakimwogesha Akeem, na matusi hayakosekani. Wa miaka 11 msubirishe. Ya pili ni PG-13 (mzazi awe mwangalifu kwa walio chini ya miaka 13), lakini lile tukio la kuleweshwa limo. Na ya kwanza usiizime majina yanapoanza kupita, maana Saul, mmoja wa wazee wale wa kwa kinyozi, bado hajamaliza kisa chake cha supu.

SWALI: Ikulu ya Zamunda kwenye ya pili ni jengo la kweli? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Zamunda ni nchi ya kubuni, jumba ni la kweli. Matukio mengi ya ikulu yalipigwa nyumbani kwa mwanamuziki Rick Ross, jimbo la Georgia.